Jinsi ya Kuifanyia Kazi Karatasi Uliyofeli

Matokeo ya kidato cha nne yakishatoka mwezi Januari, vituo vya tuisheni vya Buzuruga, Igoma na Mkolani, hapa Mwanza, vinaanza kujaa watu wa kurisiti, yaani wanaorudia mtihani. Wengine wamesoma hapahapa mjini, wengine wamevuka kutoka Ukerewe au wametokea Sengerema na kufikia kwa shangazi Mabatini. Asubuhi wana kazi, wapo hata wanaopima dagaa kwenye soko la Mwaloni Kirumba. Mchana wanakuja darasani na daftari jipya, na karibu wote wana sentensi moja mdomoni: "Mwalimu, mimi hesabu sina kichwa."

Mwongozo huu ni wa hao, pamoja na mzazi, kaka au dada anayewalipia. Mfano wangu mkubwa ni Hisabati kwa sababu ndipo wengi wanapoangukia, ila hatua zenyewe zinafaa Fizikia, Kiingereza, hata ushonaji. Maneno ya kutia moyo siyaweki hapa, yako mengi kwenye kuta za shule. Ninachoshikilia ni kwamba mtazamo wa mtu kuhusu kosa unajulikana kwa anavyoishika karatasi iliyosahihishwa siku ileile anapoipokea. Wapo wanaoikunja na kuizika chini ya begi. Wapo wanaoifungua, kalamu mkononi, japo moyo unauma vilevile. Kuipokea namna hiyo ya pili kunafundishika.

Hatua ya 1: Achana na jina, taja kosa

Shuleni majina hugawiwa mapema. Huyu kipanga, yule kilaza, na hadi kufika kidato cha pili kila mmoja ameshalizoea lake. Kipanga analikwepa swali gumu lisije likamvua cheo. Kilaza naye haligusi kwa kuwa anajua, au anadhani anajua, litakavyoishia. Ukiwatazama vizuri, wote wawili wanalikimbia swali lilelile.

Mwaka 1985 Terezinha Carraher, David Carraher na Analúcia Schliemann walichapisha utafiti waliofanya Recife, Brazili, kwa watoto watano waliokuwa wakiuza bidhaa mitaani, nazi zikiwemo. Watafiti waliwajia kama wateja: nazi kadhaa ni bei gani, nikikupa noti hii unanirudishia kiasi gani. Watoto walipatia asilimia 98 ya maswali. Baadaye wakapewa hesabu za aina ileile, safari hii zimeandikwa kishule. Wakapatia asilimia 37.

Watoto watano ni wachache, nakubali. Lakini aliyewahi kununua dagaa Mwaloni hana haja ya kuambiwa. Binti anakupigia bei ya ndoo tatu na nusu, anatoa punguzo, anakata ya mbebaji na kukupa chenji kabla hujafungua kikokotoo cha simu. Mchana huohuo anaandika darasani kwamba 1/2 + 1/3 = 2/5. Kichwa ni kilekile. Kuna kitu kimekatika kati ya sokoni na karatasi, na kukitafuta ndiyo kazi yenyewe.

Kwa hiyo, juu ya karatasi yako, pale ulipotaka kuandika "hesabu siziwezi", andika jambo mahususi: "Sijui kujumlisha sehemu zenye asili tofauti." Sentensi hii unaweza kumpelekea mtu akakusaidia. Ile nyingine hakuna anayejua aifanyeje.

Hatua ya 2: Pima uhakika wako kabla ya kusahihishwa

Hii inachukua dakika mbili tu, na wanafunzi wengi hawajawahi kuifanya. Kabla ya kukusanya zoezi, weka namba ndogo pembeni ya kila jibu: 3 kama uko tayari kuapa, 2 kama unadhani, 1 kama umebahatisha.

Zoezi likirudi, anza na zile 3 ulizokosa. Ndizo zinazouma zaidi, na ndizo zinazofundisha zaidi. Janet Metcalfe wa Chuo Kikuu cha Columbia na mwenzake Butterfield walionyesha mwaka 2001 kwamba watu wakipewa jibu sahihi baada ya kukosea, yale makosa waliyokuwa na uhakika nayo ndiyo wanayoyarekebisha vizuri zaidi kwenye jaribio linalofuata. Huenda ni kwa sababu mshtuko unaamsha akili: uliyekuwa tayari kuapa, umeumbuka, sasa unasikiliza. Sharti ni moja, lazima upewe jibu sahihi. Zoezi lililokusanywa lisirudi, au likarudi na maksi tupu, halikusaidii kitu.

Halafu angalia 1 ulizopatia. Hizo usizihesabu. Ziweke kundi moja na ulizokosa.

Hatua ya 3: Panga makosa kwa chanzo chake

Hapa ndipo penye kazi, usiharakishe. Makosa mawili yanaweza kupata wino mwekundu uleule huku dawa zake zikiwa mbalimbali kabisa. Mimi huyapanga hivi.

Kuna *kosa la mkono*. Unajua, ila 7 × 8 imekuwa 54, au swali lina 36 wewe umenakili 63. Dawa yake ni ukaguzi, na ukaguzi unahitaji muda uliotengwa mwishoni. Ila angalia, kundi hili kila mtu hupenda kutupia humo makosa yake yote: "Nilipitiwa tu, mwalimu." Kosa la mkono likijirudia mahali palepale, mkono hauna hatia.

Kuna *kosa la pengo*. Hukufundishwa, au siku hiyo hukuwapo. Hili halina aibu wala ufundi. Tafuta mtu akufundishe.

Kuna *kosa la lugha*. Wengi wetu tumesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, tukafika kidato cha kwanza tukakuta karibu masomo yote yamegeuka Kiingereza. Jipime kwa kumwomba mwenzako akusomee swali kwa Kiswahili. Ukilisolvu palepale, hesabu unayo, kilichokuangusha ni maneno ya swali. Maneno hayo hayana wingi wa kutisha, kwani mitihani huyarudia mwaka hadi mwaka. Yakusanye kutoka kwenye pasti pepa uyasome peke yake.

Kisha kuna kosa ninalolichukulia kuwa zito kuliko yote, *kosa la imani*. Huyu hajasahau kitu. Anajua, tena anajua sana, ila anachokijua si kweli. Chukua (x + 3)² = x² + 9. Ukimwandikia jibu sahihi ubaoni atalinakili vizuri, na wiki ijayo atarudi kwenye x² + 9 kana kwamba hamkuwahi kuonana. Kumpa jibu hakutoshi. Inabidi imani yake ianguke mbele ya macho yake mwenyewe.

Mwambie aweke x = 1. Upande wa kushoto ni 4 × 4, yaani 16. Upande wa kulia ni 1 + 9, yaani 10. Mwache kidogo aitazame hiyo 16 na hiyo 10, usimwahi kueleza. Kisha achore mraba wenye upande wa x + 3 na kuugawa: kipande cha x kwa x, kipande cha 3 kwa 3, na mistatili miwili ya 3 kwa x. Ile mistatili miwili ndiyo 6x aliyokuwa akiitupa miaka yote. Akishaichora kwa mkono wake, ni nadra kuisahau.

Fanya vivyo hivyo na 1/2 + 1/3 = 2/5. Nusu ndoo ya dagaa, umeongezewa theluthi ya ndoo, imekuwaje umebaki na chini ya nusu? Na anayetoka kwenye −2x > 6 akafika x > −3, mpe 0 aijaribu: 0 ni kubwa kuliko −3, basi inatakiwa ikubali, lakini −2 × 0 ni 0, na 0 haizidi 6. Alama ilitakiwa igeuke, x < −3.

Fundi wa mitumbwi hakisii panapovuja. Anaushusha majini, anaona mwanya uliko, anaupandisha tena kukalafati. Kwenye aljebra namba ndogo kama 0, 1 au 2 inafanya kazi hiyohiyo, na hailipiwi.

Hatua ya 4: Fungua daftari la makosa

Mnajua masahihisho yanavyokwenda. Mwalimu anasolvu ubaoni, darasa zima linanakili, anapita akiweka saini, kimeisha. Mwanafunzi anaondoka na daftari safi na kosa lake likiwa zima kichwani. Na wale wenye raba ndiyo kabisa, wanafuta hata ushahidi.

Nunua kaunta buku moja, ya kazi hii tu. Ukurasa wa kushoto nakili jibu lako kama lilivyokuwa, na upuuzi wake wote. Chini yake andika sentensi inayoanza na "Nilidhani". *Nilidhani kipeo kinagawiwa kila kilichomo kwenye mabano. Nilidhani asili nazo zinajumlishwa.* Sentensi kama "sikuwa makini" haikubaliki, haisemi kitu. Wengi hukwama hapa, na kukwama huko si kubaya: kama huwezi kusema ulidhani nini, bado hujalijua kosa lako, rudi hatua ya tatu.

Ukurasa wa kulia fanya swali upya, kitabu kimefungwa. Ukimaliza, jitungie swali jingine la aina hiyo kwa namba tofauti ulifanye. Makosa matatu kwa siku yanatosha. Anayetaka kumaliza mtihani mzima wa majaribio usiku mmoja anaishia kunakili, ndiyo yaleyale masahihisho.

Hatua ya 5: Lirudie kosa likiwa limeanza kupoa

Funika ukurasa wa kulia, fanya swali tena kesho yake. Kisha baada ya wiki. Kisha baada ya kama wiki tatu. Ukipatia mara zote hizo bila kuchungulia, lichore mstari. Ukikosa, linaanza upya, bila kujilaumu.

Sababu ya kujipima badala ya kusoma noti tena ina uthibitisho mzuri. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi wa chuo vifungu vya kusoma. Kundi moja lilirudia kusoma, jingine lilifunika na kujaribu kuandika linachokumbuka. Baada ya dakika tano, waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki, waliojipima walikumbuka asilimia 56, wenzao 42. Ndiyo maana mtu anaweza kupiga msuli hadi usiku wa manane, akalala akiwa na uhakika, akafika chumba cha mtihani mikono mitupu. Kusoma tena kunamfanya aione mada kuwa ya kawaida, naye anadhani kuizoea ndiyo kuijua. Kujipima kunaudhi kwa sababu kila mara kunakuonyesha ulichopoteza.

Hatua ya 6: Jaribu kabla ya kuonyeshwa

Kabla ya kusoma mfano wa kitabuni, funika utatuzi ujaribu mwenyewe kwa dakika kumi hivi, hata kama mada ni mpya. Utakosea, sawa. Manu Kapur, aliyeanza utafiti wake huu Singapore, ameonyesha kwamba wanafunzi wanaohangaika kwanza na swali kisha wakafundishwa huelewa dhana kwa kina kuliko wanaofundishwa moja kwa moja. Sehemu ya pili isisahauliwe. Kuhangaika pasipo mtu wa kukufundisha baadaye ni kupoteza muda, na wapo walimu wavivu wanaojificha humo.

Kitu kingine ambacho watu wa kurisiti hawakitumii: Baraza la Mitihani huchapisha kwenye tovuti yake taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, somo kwa somo, bure. Wanaeleza kila swali liliulizaje na waliokosa walikosea wapi, tena wanaweka picha za majibu halisi, mazuri na mabovu. Chukua jibu bovu, ficha maelezo yaliyo karibu nalo, ujiulize huyu alidhani nini. Kosa la mtu mwingine halikuumi, kwa hiyo unaliona vizuri zaidi. Baada ya machache utaanza kuyaona na yako.

Hatua ya 7: Badilisheni sheria za diskasheni

Diskasheni nyingi zina mtu mmoja anayesolvu na watano wanaotingisha kichwa. Wekeni sheria kwamba kila anayekuja aje na swali alilokosa, pamoja na sentensi yake ya "Nilidhani". Asiye na kosa siku hiyo asikilize tu. Na anayecheka ndiye anayefuata ubaoni. Vijana wa Nyegezi ninaowafundisha walikataa mwanzoni, kila mmoja alikuwa analinda jina lake. Aliyevunja ukimya ni yule waliyekuwa wakimwita kipanga, na baada yake ikawa rahisi kwa wengine.

Kwa mzazi na kwa mwalimu

Mwaka 1998 Claudia Mueller na Carol Dweck walichapisha majaribio waliyofanya Marekani kwa watoto wa darasa la tano. Watoto walifanya mafumbo ya picha, wote wakaambiwa wamefanya vizuri. Baadhi wakasifiwa kwa kuwa na akili, wengine kwa kujituma. Kisha wakaletewa mafumbo magumu sana, wakafeli. Mwishoni wakarudishiwa mafumbo mepesi kama ya mwanzo. Waliosifiwa akili walifanya vibaya kuliko walivyoanza, waliosifiwa juhudi wakafanya vizuri zaidi. Walipotakiwa kuwaandikia watoto wasiowajua alama walizopata, karibu wanne katika kila kumi wa kundi la akili waliongeza chumvi. Sifa ya akili iliwafanya waone aibu kusema ukweli kuhusu maksi.

Basi "mwanangu una akili sana" ipunguze. Lakini "umejitahidi" nayo, kwa mtoto aliyekesha akafeli, ni faraja baridi, anajua alijitahidi. Afadhali useme ulichokiona: "Hapa uliona jibu limekataa ukaanza upya kwa njia nyingine. Nionyeshe ulivyofikiria." Huhitaji kujua Hisabati ili kuuliza hivyo. Mama aliyeishia darasa la nne anaweza kukaa na daftari la makosa akauliza, "Hapa ulidhani nini, mwanangu?" na likawa somo zuri kuliko tuisheni.

Wala msitarajie semina ya siku moja ya "badili mtazamo wako" ifanye miujiza. Utafiti mkubwa wa David Yeager na wenzake, uliotoka mwaka 2019 kwa wanafunzi kama 12,000 wa Marekani, uliwapa somo la chini ya saa moja kuhusu uwezo wa akili kukua. Waliokuwa na alama za chini walipanda wastani wa pointi 0.1 hivi. Ni faida kweli, lakini ndogo, na ilionekana zaidi kwenye shule ambako wenzao hawakuona ubaya kuchagua kazi ngumu. Mtoto akiambiwa kosa ni somo, kisha akalikosea swali akachapwa, atakiamini kiboko. Na anayejua kosa lina kiboko hujifunza kunakili kwa jirani kabla ya kujifunza kingine chochote. Mwalimu, kama unataka kuyaona makosa halisi ya darasa lako, yape bei ambayo mtoto anaweza kuilipa.

Kosa lisiloondoka

Kuna kosa utalichora mstari likarudi, ukalichora likarudi tena. Mara nyingi mizizi yake haiko kidato cha nne. Logi inakushinda kwa sababu vipeo vilikushinda kabla yake, na vipeo vilikushinda kwa sababu sehemu hazikukaa vizuri darasa la tano. Chukua kitabu cha Hisabati cha darasa la tano au la sita. Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka vitabu vya kiada kwenye maktaba yake ya mtandaoni, na ukikosa bando, mdogo wako au mtoto wa jirani anacho.

Najua shida iko wapi. Mtu wa miaka ishirini hataki kuonekana kwenye daladala ameshika kitabu cha darasa la tano. Kifunge kwa gazeti, kama ulivyokuwa ukivifunga vya shule. Anza na mada ya sehemu, fanya zoezi la kwanza lote ukiweka 3, 2 na 1 pembeni, na usisogee mbele mpaka zile 3 zimekuwa kweli. Kwenye mtihani wa kidato cha nne alama 30 ni D na 45 ni C. Aliyepata 22 mwaka jana, akiziba sehemu, vipeo na mabano peke yake, ameshapunguza sehemu kubwa ya pengo kabla hajagusa mada moja ngumu.